Nani Alisema Kiswahili Hakina Bluu?

Tangu programu za simu zianze kuandika Kiswahili kwa kasi, waandishi chipukizi wa hapa Lubumbashi wamepata mazoea mapya. Kijana anaagiza maelezo ya machweo, ya ziwa au ya mgodi, na simu inamletea aya nzima iliyojaa "bluu ya kina", "bluu ya umeme" na "bluu ya usiku wa manane". Wakati huohuo, katika vikundi vya WhatsApp zinazunguka orodha ndefu za majina ya rangi, nyingi zikiwa zimetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya, na ujumbe unaozisindikiza haubadiliki sana: lugha yetu ni maskini wa rangi, hasa ya bluu, na sasa teknolojia imekuja kuziba pengo. Wengi wamelipokea jambo hili kama neema, lakini mimi naona limeeleweka vibaya. Kiswahili hakijawahi kukosa namna ya kusema bluu. Kinachokosekana katika kurasa nyingi ninazozisoma ni mwandishi aliyeitazama bluu hiyo kabla ya kuitaja, na orodha ya majina, hata iwe ndefu kama reli ya kwenda Ilebo, haiwezi kutazama kwa niaba yake.

Juzi mpwa wangu alinipa insha yake kuhusu wachimbaji wa Kolwezi niisome. Humo magunia ya kobalti "yalimetameta kwa bluu angavu chini ya jua". Kisarufi sentensi haina kosa. Shida ni kwamba madini ya kobalti yanayochimbwa kwetu kwa wingi, yale ambayo wataalamu huyaita heterojeniti, ni meusi kama makaa, na pale kobalti inapojichanganya na kalsiti, madini ya chokaa, jiwe hutoka na rangi ya waridi. Bluu ya kobalti huzaliwa motoni. Mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard aliipata mwaka 1802 kwa kuchoma chumvi za kobalti pamoja na alumina, na wafinyanzi wa China, waliochora vyombo vyao kwa kobalti karne nyingi kabla yake, walikuwa wakipaka kitu cheusicheusi kisichovutia, kikageuka bluu ndani ya tanuru. Ukitaka jiwe la bluu katika ardhi yetu, litafute kwenye shaba: krisokola, ambayo bluu yake inaelekea kijani, au azuriti, ambayo ikikaa sana hewani na majini hugeuka polepole kuwa malakiti ya kijani. Kwa hiyo nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani imemlea kijana aliyeliamini jina la rangi kuliko gunia lililopita mbele ya macho yake. "Bluu ya kobalti" ni jina halali katika duka la wachoraji, lakini likihamishiwa kwenye gunia la Kolwezi linakuwa uongo, na simu haikuwa na njia ya kulijua hilo kwa sababu haijawahi kusimama kando ya barabara ile na kula vumbi lake.

Ili hoja isiyumbe, tuanzie kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyobeba viambishi vya ngeli, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Nje ya hivyo vitatu, lugha hunyoosha kidole kwenye kitu: kijivu kinatokana na jivu, kijani na jani, kahawia na kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, na watu wa pwani wana "damu ya mzee" kwa ule wekundu mzito uliokaribia weusi. Anayeuita huu umaskini ajiulize Wafaransa wanafanya nini wanaposema "bleu ciel", "bleu marine", "bleu roi" na "bleu canard", yaani bluu ya mbingu, ya wanamaji, ya mfalme na ya bata. Hata neno lao "azur", linalosifiwa kama kilele cha ushairi, lilianza safari yake kama jina la jiwe lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan. Wao hawana mashine tofauti na yetu. Walichotuzidi ni kwamba majina yao yalikubaliwa zamani, yakachapwa, yakabandikwa kwenye vitambaa na makopo ya rangi, hata msemaji akasahau kwamba anamtaja bata.

Na bluu zetu zipo, kwa anayetaka kuzihesabu. Samawati, au samawi, imetoka katika neno la Kiarabu la mbingu na inashika bluu nyepesi. Nili ni mmea na ni rangi itokayo katika mmea huo, bluu iliyozama. Feruzi ni jiwe, na ni bluu iliyoingiwa na kijani. Mrututu ni ile chumvi ya shaba, yenye vipande vya bluu kali kama kioo, ambayo wazee waliitumia kama dawa ya vidonda. Nashangaa sana kwamba jiji lililojengwa juu ya shaba limeliacha neno hili lifungiwe katika kamusi za pwani. Kisha kuna kaniki. Misafara ya karne ya 19 iliyokiingiza Kiswahili bara, hadi kwa mtawala Msiri kule Bunkeya, Katanga, ilibeba vitambaa viwili mashuhuri, merikani isiyotiwa rangi na kaniki iliyotiwa nili. Wako wanaoieleza kaniki kuwa nyeusi na wako wanaosema ni ya bluu, na wote wako sahihi, kulingana na kitambaa kilivyochovywa mara ngapi. Zaidi ya hapo, -eusi ya zamani ilikuwa na mipaka mipana: ilibeba giza lote la nguo, la maji na la wingu, na hakuna aliyedhani kwamba anayesema hivyo haoni tofauti kati ya mkaa na anga la usiku.

Hapo ndipo ilipo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, nayo ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba watu wasio na neno la bluu hawaioni bluu. Ina umri mkubwa. Mwaka 1858 William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alichapisha uchunguzi wake wa tenzi za Homer akaonyesha kwamba mshairi huyo wa Kigiriki haitaji bluu kama tunavyoitaja sisi, na kwamba bahari yake ina rangi ya divai. Akafikia hatua ya kudhani kwamba hisia ya rangi ya watu wa kale haikuwa imekomaa. Mwaka 1969 Wamarekani Brent Berlin na Paul Kay walilinganisha lugha 98, wakapendekeza kwamba maneno ya msingi ya rangi huzaliwa kwa mpangilio unaokaribia kuwa mmoja: nyeupe na nyeusi kwanza, nyekundu, halafu kijani na manjano, na bluu baada ya hizo. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha 20 walizozipima kwa kuwahoji wasemaji, ingawa karibu wahojiwa wote walikuwa wakiishi maeneo ya San Francisco, jambo ambalo wanaoukariri utafiti huo huku kwetu hawalitaji. Mpangilio ule unahusu historia ya maneno. Hausemi lolote kuhusu mboni ya jicho, na aliyewahi kununua kitenge pamoja na bibi asiyejua jina hata moja la bluu, akamwona akikataa vipande vinne kwa sababu havikulingana na kile cha nyumbani, hahitaji maabara.

Hata hivyo, upande huo una chembe ya ukweli ambayo si haki kuificha. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha wasemaji wa Kirusi na wa Kiingereza. Kirusi humlazimisha msemaji kuchagua kati ya "goluboy", bluu nyepesi, na "siniy", bluu nzito. Hakina neno moja la kuzifunika zote. Ikaonekana kwamba Warusi walizitenganisha bluu mbili kwa haraka kidogo zaidi pale zilipoangukia pande mbili za mpaka huo, na faida hiyo ilitoweka walipotakiwa kukariri tarakimu kimoyomoyo wakati wa jaribio. Kwa hiyo neno husaidia, lakini msaada wake ni wa sehemu ndogo ya sekunde na hudumu maadamu ulimi wa ndani haujashughulishwa na jambo jingine. Ni msaada wa aina ya kigingi, kwamba unapata pa kufungia mbuzi uliyekwisha kuwa naye. Anayeahidi kwamba orodha ya maneno 40 itatupa macho mapya anaahidi mbuzi kwa kugawa vigingi.

Wabishani wenye uzito ni wengine, nao wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza ni watetezi wa Kiswahili bora, wanaotaka tuandike samawati na nili, tuache "bleu" ya mitaani. Hoja yao ina nguvu kuliko inavyochukuliwa: tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kitabu cha Lubumbashi kina wasomaji hadi Arusha na Mombasa, na msomaji wa huko atakwama kwenye neno la Kifaransa kama sisi tunavyokwama kwenye maneno yao ya Kiingereza. Wa pili ni wale wanaosema tuandike tunavyosema. Kiswahili cha jiji hili kilipikwa katika kambi za wafanyakazi wa migodi, Kifaransa kikiwa kiungo tangu mwanzo, na "bleu ciel" inaeleweka katika vitongoji vya Katuba na Ruashi bila kamusi, ilhali samawati humfanya msomaji asimame katikati ya sentensi kama aliyejikwaa. Nao wana haki, hadi pale neno la dukani linapoingizwa mahali pasipo duka. Ukimweleza mjane aliyekaa msibani kwa kitenge cha "bleu roi", sentensi inakuja na harufu ya kaunta. Kwa upande mwingine nimeona mwalimu akifuta maneno ya mwanafunzi kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "samawati iliyokolea" kwa maana ya rangi ya sare ya shule. Huko ni kuharibu pande zote mbili, kwa kuwa samawati ikikolea kiasi hicho si samawati tena.

Sare hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo bluu ambayo kila Mkongo ameivaa. Kutoka Lubumbashi hadi Goma mtoto huenda shuleni amevaa shati jeupe na sketi au suruali ya bluu nzito, na katika soko la komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, mshonaji aliwahi kuniuliza, "Papa, unataka bleu ya masomo ao bleu ya mfalme?" Swali hilo fupi lilikuwa na tafsiri iliyokwisha kukamilika, ya mfalme, na jina lililozaliwa hapahapa, ya masomo, kwa kuwa kwetu masomo ni shule yenyewe. Waingereza waliipa bluu ileile jina la jeshi la majini kwa sababu ya sare ambayo maofisa wake waliwekewa mwaka 1748. Sisi wa Lubumbashi, tulio mbali na bahari pande zote, tuna sababu gani ya kuazima wanamaji ilhali tuna watoto?

Lakini jina ni mlango tu. Ishike sketi iliyovaliwa miaka miwili. Nyuma, pa kukalia, kitambaa kimelainika na kinang'aa kama kilichopakwa mafuta. Mbele kimepauka, kwa kuwa huanikwa upande uleule juani. Kwenye mishono rangi imechujuka hadi uzi unaonekana mweupe. Na kwa kuwa mtoto amerefuka, mama amefungua pindo, na pale palipokuwa pamekunjwa umejitokeza mkanda wa upana wa vidole vitatu wenye bluu ileile ya dukani, imekolea kama siku sketi iliponunuliwa, na juu yake mstari wa kunjo la zamani uliochakaa ukawa kijivu. Hizo ni bluu nne au tano katika nguo moja, na hakuna hata moja iliyohitaji jina kutoka katika orodha. Zimebebwa na vitenzi. Kupauka ni kazi ya jua, kuchujuka ni kazi ya maji na sabuni, kufifia ni kazi ya nuru inayoondoka, kukolea ni rangi iliyoingia ikatulia. Kifaransa mara nyingi huridhika na "pâle" na "foncé", nyepesi au nzito, hali iliyokwisha kuwa. Kiswahili humlazimu mwandishi aseme ni nini kilichoipata rangi. Mwandishi anayechagua kati ya kuchujuka na kupauka ameshaeleza kama nguo hiyo ilifuliwa sana au ilianikwa sana, na pengine ameshamweleza mwenye nguo pia. Ongeza uradidi wa kawaida, yaani kulirudia neno, kama mtu anayesema maji yalikuwa bluubluu akimaanisha hayakufikia kuwa bluu kamili, na utaona kwamba vyombo vya kazi vipo jikoni tangu zamani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu programu za simu huliruka kabisa: zenyewe hutafuta kivumishi, kwa kuwa zimefunzwa zaidi kwa lugha zinazopenda vivumishi, na matokeo yake ni kurasa ambamo bluu zote zina sifa na hakuna hata moja iliyowahi kufuliwa.

Zipo sehemu ambapo uhuru huu wa kunyoosha kidole haufai. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara yake ya kwanza kwamba bendera ya nchi ni "bleu ciel", yenye nyota ya manjano katika pembe ya juu kushoto na utepe mwekundu ulioambaa kwa manjano. Mfasiri wa sheria anahitaji neno moja lisilotikisika, na hapo samawati inamfaa kuliko maelezo yoyote, kama vile mchanganyaji wa rangi za nyumba anavyohitaji namba ya kopo. Sheria na biashara huhitaji makubaliano, na makubaliano yanaweza kuazimwa. Lakini mwandishi wa hadithi akichukua "bleu ciel" kwa maana yake ya herufi, mbingu gani anayoisema? Mbingu ya Lubumbashi mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limesimama na moshi wa mbuga zinazochomwa ukiwa umetanda, ni nyeupe iliyotiwa tone la bluu. Ileile, asubuhi baada ya mvua za kwanza za Novemba, imeoshwa na imekolea hata inaumiza macho. Kati ya hizo mbili huchanua mijakaranda, na mtaa mzima unabishana kama ni zambarau au bluu. Sijawahi kuona ubishi huo ukimalizika, wala sioni haja.

Nikikubali pengo, nitakubali moja ambalo orodha za WhatsApp hazilitaji. Zile rangi tatu za msingi zina viigizi vya kuzisukuma hadi mwisho: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Ni silabi moja tu, nayo inafanya kazi ambayo "sana" haiifanyi. Bluu haina yake. Tunasema bluu sana, bluu kabisa, bluu tupu, na sauti inaanguka. Viigizi havitungwi na kamati, huzaliwa kwa watoto wanaocheza na kwa wauza nguo wanaoita wateja, na kama siku moja kikitokea cha bluu kitatokea sokoni, kikae miaka mingi kabla mwandishi hajathubutu kukiweka kitabuni. Wachapishaji na walimu wanaotaka kufanya jambo la maana wangeweza angalau kuacha kukifukuza kitakapokuja, kama wanavyoifukuza leo "bleu ya masomo".

Insha ya mpwa wangu sikuisahihisha. Nilimrudishia nikamwomba, safari nyingine akienda kwa shangazi yake Kolwezi, asimame mahali malori yanapopunguza mwendo, aangalie, kisha aiandike upya bila simu. Alirudi na sentensi tatu tu, akizitoa kwa aibu kama mtu aliyeshindwa kazi. "Mjomba," aliniambia, "magunia ni meupe na vumbi lake ni jeusi. Bluu niliyoiona ni ya kamba za nailoni walizofungia. Zimepauka zote, ila ndani ya fundo."